Changamka

Neno hili nililisikia kwanza kama kofi.
Mwalimu Lugembe, darasa la tatu, Igogo,
chaki mkononi: "Wewe Holo, changamka!"
Nami nilikuwa nimechangamka, ila kwa ndani,
nahesabu korongo juu ya jiwe, nje ya dirisha,
wanane, kisha saba, mmoja karuka.
Akaandika ubaoni: changamka, kinyume chake zubaa.
Nikanakili yote mawili kwa mwandiko mzuri
nikijua nimewekwa upande gani wa mstari.

Baadaye likawa neno la njia nzima.
Mwaloni Kirumba, alfajiri, dagaa wakishushwa,
wapagazi hawasemi "pisha",
wanasema "changamka, dada!"
na gunia limeshakupita sikioni.
Bituro wa supu hugonga sufuria kwa mwiko:
"Ya kuchangamsha damu! Pweza wabaki nao Dar,
hii ni kichwa cha sangara!"
Diwani akaja na spika juu ya gari,
"Akina mama, changamkieni fursa,"
tukaichungulia fursa: ilikuwa mkopo,
una riba, una tarehe.
Hata soko, likiuza, husemwa limechangamka,
zile wiki za giza, karabai zimetapakaa majini;
mbalamwezi ikitoka dagaa hawafuati taa,
soko linapooza,
tunasukana nywele, tunadaiana.

Wifi yangu Nyanzala alinitazama siku ya kwanza
toka kandambili hadi kilemba.
"Mzuri," akasema, "ila hajachangamka,"
kama mtu anayesema chai haijakolea.
Basi nikajifunza kucheka kwa sauti.
Mara nyingine nilicheka kabla utani haujaisha.

Kisha usiku ule, Bugando, juu kilimani,
wiki ya mbalamwezi, ziwa jeupe kama sahani,
mtoto alitoka
na chumba kikanyamaza.
Alikuwa na rangi ya dagaa wa jana.
Mkunga (jina nililisoma kwenye kibandiko: Nkwimba)
akamlaza, akamsugua mgongo kwa kanga yangu,
ileile niliyozoea kufungia hela pembeni,
akamgonga nyayo kwa ukucha,
akamwinamia.
"Changamka, baba. Changamka. Haya, changamka."
Hakupaza sauti. Alisema kama unavyomwamsha mgeni
bila kumuaibisha.
Nami nikajisikia nalisema,
neno ambalo sikuwahi kumwambia mtu,
nililokuwa nimelipokea tu, miaka yote, mgongoni.
Nililisema kwa midomo mikavu,
nikalikosea, nikalirudia.

Kidole gumba cha mguu kikaanza kuwa chekundu.
Kimoja. Nilikiona.
Halafu kelele, ndogo, ya hasira, kama bawaba isiyo na mafuta.
"Huyu amechangamka," akasema Nkwimba,
akaangalia saa ya ukutani, akaandika,
akaniuliza kama nimeleta kanga nyingine.
Sikuwa nayo.

Lubango ana miaka minne sasa.
Wakati naanika dagaa yeye hukaa juu ya jiwe,
magoti kidevuni, kimya,
na wateja, mikono ndani ya beseni langu,
wananiuliza: "Huyu mbona hachangamki?"
Zamani ningeona haya, ningemfinya atabasamu.
Siku hizi napima kilo, nafunga mfuko, natoa chenji.
Alishachangamka, nasema,
na hawaelewi, na mimi sielezi.

Wakiondoka namfuata kule juu.
Namshika mguu, namfuta vumbi,
natazama kidole gumba. Kipo.
"Unafanya nini?"
"Nahesabu ndege."
"Wangapi?"
Anafikiri sana, jua linatuchoma wote wawili.
"Wengi," anasema. "Na mmoja amelala."